Treni Irudi kwa Uso

Dada Waya alikulia katika nyumba ya mtu aliyekuwa akirudi kinyumenyume.

Hilo si fumbo. Baba yake alikuwa dereva wa treni ya mizigo kwenye tawi dogo la reli lililotoka mjini, likapita nyuma ya viwanda, likakata mashamba, likaishia machimboni. Kule mwisho hapakuwa na mahali pa kugeuzia kichwa cha treni. Kwa hiyo kwenda alikwenda kama watu, macho mbele, na kurudi alirudi kinyumenyume, kichwa amekitoa dirishani, shingo ameipinda, mgongo wa treni ukitangulia. Shingo yenyewe ilizoea. Mpaka anastaafu ilikuwa imelala upande wa kulia moja kwa moja, na mtu asiyemjua angedhani mzee analinong'oneza bega lake siri.

Mtaani walimwita Kinyume, na aliitika. Asiyenyamaza alikuwa mkewe.

"Wenzangu wameolewa na watu," Mama alikuwa akisema huku akianua nguo. "Mimi nimeolewa na kisogo. Akienda, kisogo. Akirudi, kisogo."

"Na mtoto je? Naye ni wa kisogo?" Baba alimchokoza.

"Mtoto nilimpata wakati wa likizo."

Dada Waya alipokuwa mdogo, Mama alikuwa akimshika mkono jioni wakaenda hadi kwenye uzio wa stesheni kumpokea. Reli zilianza kuimba kabla treni haijaonekana. Kisha kikajitokeza kitu cheusi, kipana, kisicho na macho, kikawa kinakua na kukua hadi kikaziba anga. Mtoto alidhani ndivyo baba wote wanavyorudi duniani: mgongo kwanza, uso baadaye, ukishuka ngazi umejaa vumbi. Akilala aliota treni ikigeuka yenyewe katikati ya mashamba, polepole, kama ng'ombe anayejigeuza zizini.

Baba aliwahi kuwaomba wakubwa wa reli wajenge kipande cha mzunguko kule machimboni. Walimjibu kwamba mzigo haujali unafika kwa uso au kwa kisogo. Ni kweli, mzigo haujali. Aliyejali alikuwa binadamu, na binadamu hakuwamo kwenye mipango yao. Wapo watu wanaopindishwa shingo maisha mazima kwa sababu tu kuinyoosha njia kungemsumbua mtu mmoja aliyekaa kitini, kisha siku ya kuondoka wanapewa mkono na saa ya ukutani. Baba alipewa saa. Aliitundika jikoni, akasahau kuitia betri.

Binti hakufuata reli. Alifuata magari, akawa fundi umeme katika gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, mwanamke peke yake kati ya wanaume, na hapo ndipo alipopata jina la Dada Waya. Alikuwa na mikono myembamba inayopenya chini ya dashibodi bila kuifungua, na kichwa cha kukumbuka rangi. Alipenda gari kwa jambo moja: gari ni mwili. Umeme unakwenda kwa waya na unarudi kwa bodi. Unailetea taa waya mmoja tu, wa pili unaubana kwenye chuma chochote kilicho karibu, na chuma chenyewe kinajua njia ya kurudi kwenye betri. Alilala akilijua hilo na aliamka akilijua, kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yao.

Kisha macho ya Baba yakaanza kujifunga.

Daktari aliiita presha ya macho. Alisema matone yatachelewesha, hayatarudisha kilichopotea, na kwamba giza litaendelea kuja kutoka pembeni. Mama alipouliza ni kama nini, Baba ndiye aliyejibu.

"Ni kama kuingia kwenye handaki kinyumenyume. Unaliona lango la mwanga lipo palepale mbele yako. Ila linapungua."

Baada ya siku ile hakulalamika tena. Alifunga mlango wa chumba cha nyuma akaanza kugonga misumari. Mama aliposhindwa kuvumilia akachungulia, alikuta milango miwili mibovu imelazwa juu ya mikebe ya rangi, na juu yake dunia: reli za kuchezea zilizookotwa kidogo kidogo katika maduka ya vitu vilivyotumika, viwanda vya maboksi ya dawa ya meno, mashamba ya taulo iliyopakwa rangi ya kijani. Upande huu ilikuwapo stesheni, na uzio wake wa njiti. Upande ule yalikuwapo machimbo. Na kule machimboni reli ilifanya kitu ambacho reli ya kweli haikuwahi kufanya. Ilijipinda, ikazunguka kilima cha udongo, ikarudi kujiunga na nafsi yake.

"Mzee," Mama alisema, "umeanza kucheza?"

"Nimeanza kazi," alijibu. "Ile nyingine nilikuwa nafanya ya watu."

Jumapili iliyofuata alimwita binti yake, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, jambo lililomtia Dada Waya wasiwasi, kwa kuwa kiti kile kilikuwa cha wageni na wakusanya kodi.

"Mama," Baba alimwambia, maana ndivyo alivyomwita binti yake akiwa na neno zito, "nataka treni itoke hapa, iende machimboni, igeuke, irudi kwa uso. Nami niione ikirudi. Mara moja tu, kabla mlango haujafungwa. Reli nimeweza. Umeme siuwezi. Nitengenezee ubao wa swichi."

"Ubao gani Baba? Ulivyo wewe utataka na honi."

"Honi ni lazima! Na swichi ziwe za kushika. Vidole vyangu bado vinaona."

Dada Waya alizunguka gereji kama mtu anayechuma maua. Kwenye magari mabovu yaliyopangwa nyuma ya ukuta aling'oa hiki na kile. Swichi ya feni, yenye hatua zake za polepole, kiasi na haraka, ikawa ya mwendo. Mkono wa indiketa ukawa wa kuigeuza panda ya reli, ile sehemu treni inapochagua njia ya kushoto au ya kulia. Swichi ya taa kubwa ikawa ya kuwasha stesheni. Na swichi ya kioo cha dirisha, ile inayopandisha kioo ukiibonyeza huku na kukishusha ukiibonyeza kule, ikawa ya mwelekeo: huku treni inakwenda mbele, kule inarudi nyuma. Zote alizipanga kwenye ubao wa msonobari alioupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu. Mafundi wenzake walimcheka.

"Dada Waya unajenga gari la mbao?"

"Najenga reli ya serikali," aliwajibu. "Nyie mtapanda daraja la tatu."

Baba alipowekewa ubao mapajani alifumba macho. Vidole vyake vilitembea juu ya swichi taratibu, vikarudi, vikatembea tena. "Hii inabofya," alisema. "Hii ina pembe. Hii ni ya dirisha, usinidanganye." Alitabasamu. Mwanga wa mchana ulikuwa umelala juu ya mashamba ya taulo kana kwamba huko nako ilikuwa saa ya mapumziko.

Nyuma ya ubao, Dada Waya aliunga waya kwa risasi ya kulehemu na tepu kama alivyozoea. Reli moja aliipa umeme wa kwenda. Reli ya pili aliifanya bodi, yote, kutoka stesheni hadi machimboni na kuzunguka kilima, na kila kitu kikarudia humo: taa, panda ya reli, honi. Betri ya gari iliwekwa chini ya meza na fyuzi yake. Kila waya ulinyooka, kila rangi ilikaa na ndugu zake. Kazi ya kupendeza.

Treni iliondoka stesheni.

Ilikuwa kichwa kimoja na mabehewa mawili, na mbele ya kichwa alikuwa amefunga taa ndogo ya dashibodi. Ilipita nyuma ya viwanda ikinung'unika. Ilikata mashamba. Baba alikuwa ameshusha uso hadi usawa wa meza, akiifuata kwa kugeuza shingo yake mbovu, kwa sababu nafasi aliyobakiwa nayo ya kuona ilikuwa ndogo kuliko treni yenyewe na mtazamo ulipaswa kusafiri pamoja nayo. Ikafika machimboni, ikaingia mzunguko, ikapotea nyuma ya kilima, ikatokea upande wa pili. Mama alikuwa ameshika mdomo. Uso wa treni ukaelekea nyumbani. Ikagusa mahali reli inapojiunga na nafsi yake.

Tap! Cheche moja ya buluu. Stesheni ikazimika, treni ikafa palepale.

"Shoti," Dada Waya alisema. "Fyuzi imekatika. Waya fulani umegusana, dakika tu."

Haikuwa dakika. Alibadilisha fyuzi, ikakatika. Akafungua tepu zote, akafunga upya. Ikakatika. Kila jioni alipotoka gereji alikuja kulala chali chini ya meza, akifuata waya mmoja mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapakuwa na waya uliokosea. Hilo ndilo lililomtesa. Kosa unaloliona utalishika masikio. Lakini kila kitu kilikuwa sawa na bado treni ilikuwa inafia mahali palepale, uso ukiwa umeelekea nyumbani, kana kwamba wakubwa wa reli walikuwa wamehamia chini ya meza.

Na lango la Baba lilikuwa linapungua. Alianza kuweka kikombe pembeni mwa meza badala ya juu yake. Asubuhi moja alilisalimia koti la mkewe lililotundikwa mlangoni.

"Umeamkaje, mke wangu?"

"Nimeamka salama," Mama alijibu kutoka jikoni. "Koti nalo linakusalimu."

Walicheka wote wawili. Kisha Mama alimtokea binti yake uani, kicheko kikiwa kimeisha usoni. "Fanya haraka, mwanangu," alimwambia.

Siku ile Dada Waya hakugusa waya. Aliketi tu mbele ya dunia ya baba yake, kidevu kikiwa juu ya ngumi, mchana ukiwa mzito na wa dhahabu, vumbi likielea juu ya machimbo kama mawingu ya nchi ndogo. Alikuwa nusu yumo, nusu hayumo. Alijiona mtoto, amesimama kwenye uzio wa njiti, akingoja. Mkono wake wenyewe ulichukua kipande cha chaki alichotumia Baba kuchora barabara, ukakiweka juu ya reli ya kushoto pale stesheni, ukaanza kukiburuta. Bila nia yoyote. Nyuma ya viwanda, katikati ya mashamba, reli ile ile, mstari mweupe juu ya shaba. Akazunguka nao kilima. Akarudi nao. Na pale reli inapojiunga, mstari mweupe uliotoka kushoto ulikuja kulala juu ya reli ya kulia.

Alibaki ameuangalia.

Kisha akaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeitafuta miwani akiwa ameivaa. Kitu kinachogeuka hugeuka na pande zake. Reli ya umeme ilikuwa imezunguka kilima na kuja kujibwaga juu ya ile aliyoifanya bodi. Chanya na hasi vilikuwa vinapigana kichwa kwa kichwa mbele ya macho yake, na yeye alikuwa anatafuta ugomvi chini ya meza. Ni fundi wa magari tu angekosea hivyo. Gari ni mwili mmoja. Njia inayojigeuza si mwili, haina bodi. Na kumbe hata ndani ya gari kilikuwapo kitu kisichotegemea bodi, nacho kilikuwa kwenye ubao wake tangu mwanzo: mota ya kioo cha dirisha. Ile, waya zake mbili hubadilishana kazi, leo huu ndio wa kwenda, kesho huu ndio wa kurudi. Mzunguko ulitaka kuwa kisiwa, wenye swichi yake ya dirisha. Treni iingie kisiwani, isimame. Umeme wa njia kuu ugeuzwe. Kisha itoke.

Alimwita Baba, akamweleza. Baba alisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Kisiwa unakitengaje?"

"Nakata reli. Hapa na hapa."

Uso wa mzee ulifungwa. "Hukati reli."

"Ni pengo dogo Baba, unene wa ukucha. Gurudumu halitajua."

"Gurudumu linajua kila kitu! Mimi nimemzika mwenzangu kwa reli iliyokatika, wewe unaniambia ukucha?" Alikuwa ameutandaza mkono wake juu ya mzunguko, kama mtu anayemkinga mtoto na mvua. "Tafuta njia nyingine."

"Hakuna nyingine."

"Basi isirudi!"

Akatoka. Mlango haukubamizwa, alikuwa anaupapasa, hakuweza kuubamiza. Dada Waya alibaki na msumeno mkononi. Angeweza kukata. Mzee hangeona, na wangapi hutendewa mema namna hiyo, kwa siri, na watu wanaodhani macho yakipungua na mtu amepungua? Aliurudisha msumeno kwenye mfuko, akaenda nyumbani kwake.

Kesho yake, kabla hajafungua gereji, alimkuta Baba amekaa kwenye ngazi ya mlango wa gereji na fimbo yake, Mama akiwa pembeni amenuna kwa kuamshwa mapema.

"Shikamoo Baba. Kuna nini?"

"Marahaba. Ile sauti ya treni," alisema. "Ta-ta, ta-ta. Unajua ni nini?"

"Magurudumu."

"Mapengo. Fundi wa reli huacha pengo kati ya kipande na kipande, chuma kikipata joto kipate pa kunyooka. Nimepita juu ya mapengo maisha yangu yote, nikilala yananibembeleza. Jana nimeyasahau kwa hasira." Akanyoosha kiganja. "Lete msumeno. Lakini nakata mimi."

"Kanitoa kitandani kwa ajili ya hilo," Mama alisema. "Simu anayo."

Alikata yeye. Dada Waya aliuweka ukucha wake mahali panapotakiwa, na mzee akauegemeza msumeno kwenye ukucha ule, akavuta polepole bila kupumua, mara nne kwa jumla, reli mbili huku na reli mbili kule. Ili vyuma visigusane tena walihitaji kitu kigumu cha kujaza mapengo, kisichopitisha umeme. Dada Waya alivunja meno ya kitana cha plastiki.

"Hicho ni changu!" Mama alisema.

"Kimeajiriwa reli," Baba alimjibu.

Jumapili, mchana, pazia likiwa wazi, walikuwa tayari. Baba alikaa mbele ya ubao, vidole juu ya swichi. Aliangalia kuelekea stesheni. Akasogeza kiti. Akaangalia tena. Akasogeza tena, na mara hii Dada Waya alielewa. Kutoka kwenye ubao, stesheni haikuingia ndani ya macho yake. Na alipojiinamisha ili stesheni iingie, mikono haikufika kwenye swichi. Kuendesha, au kuona.

"Naweza kuhamisha ubao," alisema haraka. "Waya nitarefusha, nipe wiki moja."

"Wiki moja," Baba alirudia, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Aliondoa mikono yake juu ya ubao, mmoja baada ya mwingine. "Nimeendesha vya kutosha. Kaa wewe."

Alikwenda kupiga magoti upande wa pili, kidevu juu ya meza, nyuma ya uzio wa njiti. Mama alijibanza pembeni yake.

"Sogea, unanibana," Baba alimwambia.

"Wewe ndiye mnene. Mimi hapa uzioni ni mwenyeji, nimesimama miaka."

Dada Waya alibonyeza swichi ya dirisha, akaigeuza ile ya feni hatua moja. Treni iliondoka, taa yake ndogo ikimulika viwanda vya maboksi, kisha mashamba, na sauti yake ilijaa chumba kama usingizi wa mchana. Ilipita juu ya pengo la kwanza. Ta-ta. Ikaingia kisiwani, ikazunguka kilima, na nyuma ya kilima akaisimamisha. Taa ikazimika. Aligeuza mwelekeo wa njia kuu, akagusa swichi ya kisiwa, akahisi moyo wake mahali pa fyuzi.

Taa ikawaka. Ta-ta, ikavuka.

Ilikuja kwa uso. Kwanza nukta, kisha nukta yenye umbo, kisha kichwa chenye taa na madirisha mawili aliyoyachora Baba mwenyewe kwa brashi ya unywele mmoja. Baba hakusogea. Mwanga ulimpanda kidevu, mdomo, pua, hadi ukamjaa macho yote mawili.

"Polepole," alinong'ona. "Dereva, polepole. Simamisha."

Treni ilisimama karibu na pumzi yake. Alinyoosha kidole akaigusa taa, ilikuwa ya moto kidogo.

"Kumbe inatisha," alisema.

"Kidogo," Mama alisema. Alikuwa analia wala hafuti. "Lakini si kama kisogo."

Walikaa hivyo. Halafu Dada Waya, kwa kuwa fundi hawezi kuacha kufikiri, alisema, "Baba, kuna jambo. Hapa stesheni hakuna mzunguko. Ikitaka kwenda tena, itabidi itoke kinyumenyume."

Mama alianza kucheka, akaegemea meza, mashamba yakatikisika. Baba alingoja amalize.

"Itoe," alisema. "Hatua ya kwanza, usiongeze."

Alibonyeza swichi ya dirisha upande wa pili. Treni ilianza kurudi nyuma, mabehewa yakitangulia kuelekea viwandani na mashambani, kichwa kikifuata, uso wake na taa yake vikibaki vimeelekea pale walipopiga magoti. Ilikwenda ikimtazama. Ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi.

"Bado unaiona?" Mama aliuliza.

"Bado," Baba alisema. Kisha, baada ya kitambo, "Bado."